Kumi Iliyoitwa Mbili

Oldeani,
Karatu.
16 Juni 2024

Mpendwa dada Angela,

Habari za huko Mtwara na joto lenu? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi baridi ya huku inatung'ata masikio, ila tunaamka na kwenda shamba, tunamshukuru Mungu.

Mama alitolewa plasta ya mguu uliovunjika mwezi uliopita, lakini goti limekuwa gumu. Daktari alisema misuli isiponyooshwa sasa, atatembelea gongo mpaka mwisho. Unamjua mwenyewe, kuchotewa maji na jirani kwake ni msiba.

Jumatatu nikampeleka Karatu kwa mtaalamu wa viungo, binti anayeitwa Evelyn. Na mimi paja liliumia nikisukuma gari la watalii kwenye tope la Ngorongoro, basi tukalala vitanda jirani. Evelyn anataka umtajie maumivu kwa namba, sifuri hadi kumi. Mguu wangu haujainuliwa hata nusu, nikapiga kelele, "Tisa!" Waliokuwa kwenye foleni nje wakacheka.

Mguu wa Mama ulio mzima ulipanda mpaka nikashika mdomo. Miaka sitini na nane, dada! Evelyn akasema misuli ya wanawake mara nyingi huvutika zaidi kuliko yetu wanaume, nisione aibu.

Akaja kwenye ule mbovu. Kila akiulizwa, Mama anajibu, "Mbili tu, mwanangu." Evelyn anazidi kuunyoosha. "Mbili." Nikasema moyoni, kumbe wanawake hawaumwi! Ghafla Evelyn akaacha. Kitenge alichokishika Mama kilikuwa kimechanika.

"Mama, niambie kweli. Nikizidisha, msuli utachanika."

Mama akageukia ukutani. "Ni kumi. Sisi tulifundwa tusilie mbele ya watoto."

Evelyn akanieleza kwamba msuli kuvutika sana si kusema hauumi, na anyamazaye si kwamba hasikii maumivu. Dada, alituzaa sita, akabeba kuni toka msituni miaka yote ile, nami nikadhani hajui maumivu! Nguvu ile naistahi, tena naiogopa.

Sasa namfanyisha mazoezi kila asubuhi, na goti limeanza kukunjika. Jana alinishika mkono akasema, "Inauma, Vedasto. Subiri kwanza."

Nikasubiri. Miaka arobaini sijawahi kumsikia akisema hivyo. Nilitoka nje nikalia, na sikuona haya.

Nisalimie shemeji Godson, mpwa wangu Esta na mjomba Remigius. Mungu awafunike kwa mkono wake.

Wako akupendaye, mdogo wako,
Vedasto