Mtani Ameondoka na Vidonge Vyangu vya Moyo

Mpendwa Dada Stellamaris, naomba msaada wako kabla mke wangu hajajua, mimi ni Msukuma wa miaka sitini na moja, nafuga ng'ombe hapa Mlandizi, na miezi mitano iliyopita nilizibuliwa mshipa wa moyo kwa kile kipira wanachokijaza ndani, wakaniwekea na kichuma cha kuushikilia, daktari akaniambia moyo wangu ulikuwa umejitengenezea vijishipa vya pembeni vya kupitisha damu na ndivyo vilivyonisaidia, basi dada, sifa zikaniingia, nikawa natangaza hadi stendi ya Kwa Mathias kwamba moyo wangu una njia za akiba.

Sasa wiki tatu zilizopita nilikwenda Mzenga, huko Kisarawe, kwenye arobaini ya mjomba wa rafiki yangu Mwinyimadi, ambaye ni Mzaramo, na unaujua utani wetu, akichukua kitu chako hukasiriki, unakikomboa, nikatoa mfuko wangu wa vidonge nimeze baada ya pilau, akaupokonya mbele za watu akasema, “Msukuma mwenye njia za akiba anataka dawa za nini? Lete beberu nikurudishie,” watu wakacheka, nikacheka na mimi, nikarudi mikono mitupu, siku za mwanzo sikusikia chochote nikadhani kweli sizihitaji, kila asubuhi mke wangu, Mama Devotha, akinipa maji ya kumezea nakwenda kuyamwaga nyuma ya zizi, lakini Jumapili nikitoa ng'ombe mtoni kifua kilibana kama zamani, nikakaa chini kikaachia, na jana tena. Nikitoa beberu mke wangu atauliza anakwenda wapi, nikienda bila beberu nitachekwa Kisarawe nzima, na hospitali wataniuliza dawa ziko wapi. Nifanye nini?

Mfugaji, Mlandizi

Shikamoo kaka. Nakiri nimecheka, hasa hapo kwenye maji ya nyuma ya zizi. Nilipofika kwenye Jumapili nikaogopa, na sijaacha kuogopa.

Nenda hospitali leo, siyo kesho baada ya kukamua. Barua yako ilipofika tu nilikupigia kukuambia hivyo, hukupokea. Kifua kikibana tena na kisiachie, hiyo ni dharura, na usipande bodaboda peke yako.

Kuhusu hizo njia zako za akiba, nimemuuliza daktari wa moyo. Anasema zipo na zinasaidia kweli. Ila kuna tafiti zilizoona kwamba wenye vijishipa vya pembeni vilivyokomaa ndio ambao mshipa uliozibuliwa husinyaa tena mara nyingi zaidi. Sababu bado wanabishana. Wengine wanadhani damu ikizoea kupita pembeni, njia kuu inakosa msukumo. Wewe mtu wa stendi unalijua hilo: barabara ikipungukiwa magari, wachuuzi wanasogeza meza barabarani. Kwa hiyo ulichokuwa unakitangaza Kwa Mathias ni sababu ya kuhudhuria kliniki, wewe ukakifanya cheti cha kuhitimu. Na kichuma hicho kikikosa dawa, damu inaweza kuganda humo ghafla, na njia za pembeni hazikuhakikishii kitu.

Mama Devotha mwambie kabla hamjatoka nyumbani, akusindikize. Atakusema. Nyamaza usemwe, maana maji ya watu umeyamwaga wiki tatu. Hospitali taja siku zote ulizokosa dawa bila kupunguza hata moja. Wameshasikia mengi, mtani hatawashangaza. Usimeze dozi mbili kufidia, wao ndio watakaokuambia uanzeje.

Mkiwa njiani mpigie Mwinyimadi. Usimuulize habari ya beberu, mwambie kifua kinabana. Mtani wa kweli anajua utani unaishia wapi, ila huyu hajui kwamba unaumwa, kwa sababu ulicheka na wenzako ukaondoka. Beberu utampelekea ukipona, na umchagulie mzee mwenye nyama ngumu.

Ukikaidi, ni yeye atakayekuja msibani kwako, kama desturi inavyomtaka, aigize ulivyokuwa ukitembea na ulivyokuwa ukijisifu mpaka wafiwa wacheke. Atafika na mfuko wako wa vidonge, kaka, na ataukabidhi kwa Mama Devotha bila kudai beberu.