Kaja Kutuchukua na Gari Lisilo na Kiti cha Nyuma

Shoga, nina kinyaa hadi mate yananishinda kumeza.

Nimetoka wodini leo na mtoto wa siku tatu, mshono bado mbichi. Mume wangu kaja kutuchukua na gari HALINA KITI CHA NYUMA.

Halina! Bati tupu na harufu ya petroli.

Nikamuuliza, kiti kiko wapi? Anajibu anatabasamu, "Nimekitoa gari liwe jepesi, Jumapili nina mbio."
Na mtoto?
"Si utampakata mbele."

Mbele penyewe kafunga kiti cha mashindano, mikanda yake inabana tumboni. Tumbo hili lililopasuliwa juzi!

Jepesi, shoga. Ati jepesi.

Na ndiye aliyenishawishi tulinunue, akisifia viti vya ngozi na kiyoyozi cha nyuma. "Mwanangu atalala humo kama mfalme."

Mama mkwe alikuwa kashika mkoba wa nepi. Kasimamisha teksi, kanipandisha polepole, akamwambia mwanawe, "Wewe fuata nyuma."

Unajua alifanya nini? Alitupita! Kwenye mzunguko wa barabara, anapiga honi. Tunafika nyumbani, kasimama mlangoni na simu mkononi: "Nimewaacha dakika nne nzima!"

Dakika nne. Mimi namshikilia mtoto na mshono.

Mama mkwe hakushuka. Akamgeukia dereva, "Baba, tupeleke kwangu."

Ndiko niliko, nimelala kitandani kwake. Mume anapiga simu, anasema anataka kumwona mwanawe. Mama mkwe kamjibu mara moja tu: "Rudisha kiti kwanza."