Vigae Arobaini na Nane

Jumatatu, 3 Novemba
Nimerudi magoti yanawaka. Mabafu mawili leo, sakafu na kuta. Saruji haijanitoka mikononi, binti kashatandaza madaftari mezani — sahani zikae wapi, hilo si lake. Maswali ishirini ya hesabu. Ishirini! Kashinda darasani kwa saa saba, na kazi imemfuata mpaka nyumbani. Mafundi wangu nikiwapa kazi ya kwenda nayo kwao, kesho sitamwona mtu.

Ila swali la kumi na moja limenifufua. Sakafu ya mita nne kwa tatu, kigae sentimita hamsini kwa hamsini, vinatakiwa vingapi? Nikamwambia, hapo mama umefika kwa mwenyewe. Arobaini na nane, halafu weka asilimia kumi ya kukata na kuvunjika: hamsini na tatu. Akacheka, akaandika. Yalikuwepo sita ya namna hiyo. Tumeyamaliza kichwa chake kiko begani kwangu. Chakula kimepoa. Mke wangu kakifunika tu.

Jumanne, 4 Novemba
Nimechoka. Binti kasinzia juu ya daftari la sayansi. Jani nimemchorea mimi. Mishipa yake nimepiga kwa rula.

Alhamisi, 6 Novemba
Daftari la hesabu limerudi. Makosa sita, yote yale yetu ya vigae. Kupanda darasa kunataka alama sitini, na sasa anazo hamsini na moja. Limebaki zoezi moja la nyumbani, la wiki ijayo: maswali kumi, alama kumi. Akikosa moja anapita kwa unywele. Akikosa mawili anarudia mwaka.

Ijumaa, 7 Novemba
Nimekwenda shule na buti za kazi. Mwalimu wake wa hesabu ni binti mdogo kuliko mafundi wangu, lakini adabu anayo. Nikamwuliza, mwalimu, umeona wapi chumba kilichonunuliwa vigae arobaini na nane kamili? Cha kwanza kikipasuka unamwita nani? Akasema, baba, kwenye swali langu hakuna kigae kilichopasuka.



Akaendelea polepole: kazi hizi nazitoa nijue mtoto amekwama wapi. Nikikuta hamsini na tatu nakuona wewe, yeye simwoni. Kuanzia leo mzazi aweke saini tu, asiguse kitu.

Nimetoka nimenywea. Kwa darasa la tano tu nimejenga nyumba, nimeajiri watu wanne. Leo nimepangiwa saini.

Jumatatu, 10 Novemba
Binti sasa anafanyia kazi zake chumbani kwa bibi yake, mlango umerudishwa. Meza nyeupe. Tumekula kwa wakati, chakula cha moto. Mke wangu kasema, si ndicho ulichokuwa unakililia? Ndicho.

Nikamwuliza binti hesabu zinakwendaje. "Nzuri, baba." Hakuinua uso.

Mama yangu kaniita pembeni. Eti wenzake darasani wanamwita Hamsini na Tatu. Kanikataza nisijitie kujua. Sijajitia. Nimekwenda kunoa msumeno usiohitaji kunolewa.

Jumatano, 12 Novemba
Zoezi la mwisho. Kaleta limekwisha, mwandiko umenyooka, hakuna palipofutwa. Kanipa na kalamu kabisa. "Saini tu, baba."

Macho yangu hayana adabu, yakapita kwenye majibu. La nne, kazidisha vibaya, haraka tu. La saba ni ukuta: matofali mia mbili. Kaandika mia mbili na ishirini. Nikauliza kama mtu asiyejua, hii ishirini imetoka wapi? Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu wiki iliyopita. "Matofali nayo si yanavunjika, baba? Mwalimu alikataza kwenye vigae."

Mawili. Hamsini na tisa.

Nikisema, mwalimu atanikuta tena ndani ya daftari, na binti wenzake watampa jina jingine. Nikinyamaza, anarudia mwaka kwa matofali yangu ishirini.

Nimemwambia kalamu haina wino. Kaenda kutafuta nyingine kwa bibi yake. Haya nayaandika kwa kalamu hiyohiyo, na ndala zake nazisikia zinarudi.