Beringi ya Kulia

Gitting, Hanang

Mdogo wangu Tadei,

Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitamka, marahaba. Hamjambo huko Mbulu, wewe na mkeo Kornelia? Nyonga yake bado inamsumbua wakati wa baridi? Sisi hapa tupo. Ukungu unashuka kutoka mlimani mpaka dirishani kwangu, na daktari amesema moyo wangu umechoka. Mjukuu wangu Violeth ananinywesha uji kwa kijiko.

Siku hizi nalala na kuamka bila kujua mpaka wa usingizi na macho uko wapi. Hapo katikati nasikia mngurumo mzito, wa mbali, kama mtu anayeviringisha pipa tupu juu ya mawingu. Violeth anasema ni upepo kwenye ngano. Mimi naujua. Ni ule wa pikapu yetu.

Unakumbuka, fundi wangu, ulivyoutafuta? Ulilala kiubavu nyuma, sikio kwenye bati, ukaniamuru niendeshe. Niliweka gia huru mteremkoni, mngurumo ukabaki, ukapaza sauti kwamba injini haina kosa. Nilipokata kona kushoto, uzito ukaegemea upande wa pili, mngurumo ukazidi. Ulicheka, ukasema gari linalia kuliko Kornelia akikosa chai. Kwa kuwa ulikuwa unawahi msiba Mbulu, uliniandikia karatasi nimpelekee fundi Margwe wa Nangwa: nyuma, beringi ya kulia imekwisha, abadilishe.

Margwe aliisoma, akaniuliza kama ya kulia ni ya mkono wa kulia au ni ile inayolia. Nilimcheka. Nilimwambia nimefundisha Kiswahili miaka thelathini. Ni inayolia, na mimi naisikia kushoto. Aliomba ainue magurudumu yote mawili ayazungushe kwa mkono, maana sauti hutembea kwenye ekseli na masikio hudanganya. Nikamjibu asinifundishe kusoma. Basi akabadilisha ya kushoto. Mngurumo haukuisha. Nikajiambia beringi mpya bado inazoea.

Siku ya tatu, kwenye mteremko wa Mogitu, gurudumu la kulia lilichomoka, likatutangulia kwenye ukungu taratibu, kama ndama aliyefunguliwa kamba. Nililitazama nikiliona zuri. Kisha gari likalala, na Kornelia, uliyemwacha kwangu, alikuwa nyuma, juu ya magunia ya vitunguu saumu.

Sasa nisikilize, Tadei. Mliponiuliza hospitali, nilisema uliandika kushoto. Ulipoitaka karatasi, nilisema imepotea. Ukaanza kuutilia shaka mkono wako mwenyewe, ukafunga gereji, na mkeo amekuita fundi kipofu miaka kumi na moja. Margwe alikufa bila kuulizwa na mtu. Wewe uliandika sawasawa. Karatasi ilikuwa ndani ya kitabu changu cha sala, nimeiambatanisha humu. Niliona aibu kuwa mwalimu aliyeshindwa kusoma neno moja, nikaona afadhali wewe uwe fundi asiyejua kazi.

Usiitunze barua hii isomwe siku ya mazishi yangu. Siku hiyo watu watakuwa na adabu mno. Msomee Kornelia leo, kwa sauti, kisha njooni wote wawili, anitukane nikiwa bado nasikia.

Wasalimu majirani wote wanaonikumbuka. Mungu awafikishe salama.

Kaka yako,
Nikolausi