Vidonge Vilivyogawiwa Mwethya

Kibwezi, Jumanne, Septemba 1986

Bado nimekasirika, hata chai imenishinda. Vidonge vya presha vya mama, ambavyo vingemfikisha mwisho wa mwezi, vimeisha kwa siku tisa!

Niliogopa nikidhani amevimeza vyote. Kumbe amevigawa. Wiki jana kundi lao la mwethya, la kusaidiana kazi za shamba, lilikuwa likichimba matuta shambani kwa jirani, na kila aliyelalamika kuumwa na kichwa alipewa kimoja.

"Tunalima pamoja, tunakula pamoja," akaniambia. "Nimeze dawa peke yangu kama mchawi?"

Leo asubuhi nikampeleka tena dispensari. Daktari hakumtazama hata mara moja. Aliongea na mimi tu, kwa Kiingereza, eti wazee ni wakaidi, kisha akaandika dawa zingine. Mama mzima ameketi pale kama gunia la mahindi!

Njia yote nilimlaumu yule daktari. Hana adabu. Anashindwaje kumweleza mgonjwa dawa yake ni ya nini?

Tulipofika mlangoni, mama akaniuliza:

"Ile siku ya kwanza, alikueleza wewe?"

"Ndiyo, mwaitu."

"Ukaelewa?"

"Nikaelewa."

"Sasa mbona hukuniambia?"

Siku ile nilimwekea bahasha ya vidonge mkononi, nikamwambia ameze kimoja kila asubuhi, nikakimbilia darasani kufundisha watoto wa watu.