Mateke Kumi kwa Siku

Jumatatu, 3 Machi

Kliniki asubuhi. Wiki ya thelathini na sita. Muuguzi kaniambia nihesabu mtoto anavyocheza – mateke kumi kila siku, niandike kwenye kadi. Yakipungua nije mbio, nisingoje kesho. Nimeitikia ndiyo, ndiyo. Kumbe mawazo yangu yako miguuni. Imevimba hadi kandambili za mume wangu ndizo zinaniingia.

Sina furaha. Haya, nimeandika. Kila mtu ananipa hongera na mimi natamani kulia.

Jumatano, 5 Machi

Kiwandani. Kola za mashati, kola, kola! Tumbo sasa linaegemea meza ya cherehani, hakuna namna nyingine ya kufikia sindano. Msimamizi anasema likizo mpaka oda hii iishe. Nikamuuliza, na huyu wa tumboni naye asubiri oda? Akacheka. Sikuwa natania.

Nimebuni njia yangu: kila teke, mstari mmoja wa chaki mezani. Kabla ya chai nilishafika kumi. Mama Vifungo – tunakaa meza moja ndefu, yeye na mashine yake ya kushonea vifungo – kasema huyo atacheza mpira.

Jumamosi, 8 Machi

Mume wangu kapaka chumba rangi iliyobaki kazini kwake. Kijani cha ofisi ya serikali! Alikuwa anapiga mluzi. Nikamwambia, naogopa sitampenda huyu mtoto. Akashusha brashi kidogo. Utampenda tu, mke wangu. Kisha mluzi ukaendelea.

Hilo “tu” limenikata maini. Nimelala mchana kutwa nikiutazama ukuta.

Jumanne, 11 Machi

Kumi kabla ya saa nne. Nyumbani katulia, hata jana Jumatatu jioni, hata Jumapili nzima. Anachoka kama mimi. Muuguzi alisema kumi kwa siku, hakusema yawe wapi.

Jumatano, 12 Machi

Kumi. Nimelia chooni, nikanawa uso, nikarudi kwenye kola.

Ijumaa, 14 Machi

Umeme ulikatika saa tano. Mashine zote zikazima mara moja na watu wakapiga makofi kama shuleni. Nilikuwa na mistari saba. Nikangoja wa nane, tumbo pale pale mezani. Hakuna. Nikanywa maji baridi. Nikageuka ubavu. Mama Vifungo akanipa chai yake yenye sukari nyingi. Hakuna kitu.

Umeme ukarudi. Wengine walikuwa bado nje wanapiga soga. Mama Vifungo akakanyaga mashine yake – teke! Nikashusha pumzi. Akaacha ili abadilishe uzi. Kimya. Nikamwambia, dada, hebu kanyaga tena. Kakanyaga. Teke.

Moyo ulinipasuka paa! Ni meza. Mashine yake inagonga kila ikishona kifungo, na meza inanigonga mimi. Siku zote hizi nimekuwa nahesabu vifungo vya watu.

Mama Vifungo alinivuta mkono, hata hakumuaga msimamizi.

Ijumaa hiyo hiyo, alasiri

Hospitali. Naandika nimelalia ubavu wa kushoto kama nilivyoagizwa. Lazima mkono ufanye kitu.

Muuguzi kauliza mara ya mwisho kucheza ni lini. Nikampa kadi. Siku zote za kazi: kumi, kumi, kumi. Kasema, hongera mama, umefuatilia vizuri. Ikabidi nimweleze habari ya meza. Hakunigombeza. Bora angenigombeza.

Kanipaka dawa ya baridi, kapitisha kifaa chini ya kitovu. Kulia. Kushoto. Nikasikia mapigo nikapiga kelele, ni yeye! Kanishika kiganja – hayo ni yako, mama, tulia. Kapitisha tena. Kisha kaenda kumwita daktari, na daktari kapitisha chake, kaigeuzia skrini upande wake.

Namtaka. Jamani, namtaka huyu mtoto, nani wa kumwambia?

Daktari na muuguzi wako nje ya pazia, wanaongea chini chini. Mume wangu kafika muda mrefu, rangi mikononi. Namsikia mlangoni akibembeleza, na mlinzi anamjibu lile lile: wanaume mwisho hapa, kaka, hii ni wodi ya akina mama, sheria ni sheria.

Muuguzi kapita mbele yangu bila kunitazama. Yuko mlangoni. Anamwambia mlinzi amwache mume wangu aingie.