Sauti ya Mama Mabula

Majimoto

Dada Kasilda mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hapo Kasekese wewe, shemeji na watoto mmeamka salama, na kikohozi cha mdogo kimepoa. Sisi wazima. Mama anapanda mpunga, nami nasubiri matokeo ya kidato cha nne. Ningekupigia, lakini simu ningeikata kabla sijafika ninapotaka kufika.

Unamkumbuka Mama Mabula, jirani yetu anayeuza mchele? Mwanawe Mabula aliungua kwa uji, wakalazwa hospitali Mpanda. Benedikto wa bodaboda akafunga spika na ndoo ya michango kwenye pikipiki, akazunguka mnadani na sauti iliyorekodiwa ya mama akilia kwamba yeye ni Mama Mabula, wamsaidie mwanawe. Watu walitoa, hata wafugaji. Mtoto akatibiwa, akarudi.

Ila spika haikunyamaza. Mnada uliopita pikipiki ilipita ikilia wakati Mama Mabula mwenyewe yuko pale, mtoto mgongoni. Mwanamke mmoja akamuuliza kwa nguvu kama huyo Mabula anaungua kila wiki. Watu wakacheka. Sasa wanamwita Mama Ndoo, na mchele wake haununuliwi.

Mtendaji wa kata aliitisha mkutano. Alisema hakuna tena kuchangisha hadharani bila kibali chenye jina la mchangishaji na siku ya mwisho. Benedikto akajitetea kwamba alitumwa na mama mwenyewe, na sauti si mnaisikia? Mama Mabula akaapa kwamba hajarekodiwa kamwe. Hakuna aliyemwamini. Amepewa hadi Ijumaa aeleze, la sivyo polisi.

Dada, sauti ile ni yangu. Benedikto aliniletea karatasi, akasema Mama Mabula yuko hospitali, nisome kwa niaba yake. Mimi niliyekuwa nikiitikia jina darasani kwa kunong'ona, nilijifungia chumbani na simu yake nikalia vizuri mno. Nilipoona watu wanasimama kunisikiliza, nilifurahi. Mabula aliporudi nilisikia spika inaendelea, nikanyamaza. Mkutanoni pia nilinyamaza, nimekaa nyuma ya Mama Mabula kabisa.

Mama nitamwambia leo. Ukiisoma barua hii nitakuwa nimeshakwenda kwa Mama Mabula, kisha kwa mtendaji. Huenda mama huyo asinifungulie. Nitasimama nje ya mlango wake niongee mpaka aitambue sauti.

Msalimie shemeji, uwakumbatie watoto. Usinikasirikie kimyakimya, niandikie.

Mdogo wako,
Dorika